Muhammad bin Musa Al-Khwarizmi na Amana ya Mwandishi wa Programu



Katika wanazuoni tunaowataja sana kwenye makongamano yetu, Al-Khwarizmi yumo mstari wa mbele. Tunasema kwa fahari kwamba aljebra ni yake na kwamba neno algorithimu limetokana na jina lake, kisha tunaendelea na mengine. Ninasoma sayansi ya kompyuta, na naona kwamba tunalijua jina lake kuliko tunavyoijua kazi yake. Nimeandika wasifu huu kwa sababu ukifuatilia namna alivyofanya kazi, utakuta ndani yake mwongozo mzuri wa kuandika programu salama, zile ambazo mtu anaweza kuzikabidhi fedha zake, siri zake na haki zake. Tena sehemu kubwa ya kitabu chake mashuhuri inahusu wasia na mirathi, jambo linalotugusa sisi wa Bwiza na jirani zetu wa Buyenzi kila msiba unapotufika.

Mtu na mji wake

Muhammad bin Musa alizaliwa karibu na mwaka 780. Nisba yake inatupeleka Khwarazm, nchi iliyo kusini mwa Bahari ya Aral, ambayo leo imegawanyika kati ya Uzbekistan na Turkmenistan. Maisha yake ya kazi yalikuwa Baghdad, mji ambao khalifa al-Mansur aliuanzisha mwaka 762 na ambao katika muda usiofika miaka 60 ulikuwa umeshakuwa kitovu cha elimu. Karatasi ilikuwa imeingia, vitabu vikanakiliwa kwa wingi, na elimu za Wagiriki, Waajemi na Wahindi zikafasiriwa kwa Kiarabu.

Khalifa wa wakati wake alikuwa al-Ma'mun, aliyetawala kuanzia 813 hadi 833. Ibn al-Nadim, muuza vitabu wa Baghdad aliyetunga Fihrist katika karne ya 10, anamtaja Al-Khwarizmi kuwa ni mtu wa hazina ya hekima ya al-Ma'mun, ile tunayoizoea kwa jina la Bayt al-Hikma. Katika mji huohuo na zama hizohizo waliishi wana watatu wa Musa bin Shakir, mafundi wa mitambo na jiometri, na pia al-Kindi, mwanafalsafa aliyeandika risala juu ya kufumbua maandishi ya siri kwa kuhesabu ni herufi gani inajirudia mara nyingi zaidi. Kwa hiyo, ndugu msomaji, Baghdad ya karne ya 9 ilikuwa na mtu anayefundisha kufuata kanuni hatua kwa hatua, na mtu mwingine anayefundisha jinsi siri inavyovunjwa. Anayejenga mifumo salama leo anazihitaji elimu zote mbili.

Al-Khwarizmi aliandika mambo mengi. Alitunga zij, yaani majedwali ya falaki ya kujua mahali pa jua, mwezi na sayari. Aliandika kitabu cha sura ya ardhi kilichoorodhesha miji, milima na mito pamoja na vipimo vya mahali pake. Aliandika juu ya kalenda ya Mayahudi na juu ya usturlabu. Aliandika pia kitabu cha kufundisha kuhesabu kwa tarakimu za Kihindi. Kitabu hicho kilipofasiriwa kwa Kilatini katika karne ya 12, jina lake liliandikwa Algoritmi, na kadiri miaka ilivyopita jina la mtu likageuka kuwa jina la njia ya kuhesabu. Ndipo lilipotoka neno algorithimu. Sisi tunaozungumza Kiswahili tulipata fungu letu pia, kwani tunasema sifuri, neno la Kiarabu lenye maana ya kitu kitupu.

Hakuanza kutoka patupu. Brahmagupta wa India alikuwa ameandika kanuni za sifuri tangu mwaka 628, na Wagiriki walikuwa na jiometri yao. Alichofanya Al-Khwarizmi ni kukusanya, kupanga na kuthibitisha, kisha kuandika kwa lugha ambayo mtu wa kawaida anaweza kuifuata. Al-Tabari anamtaja miongoni mwa waliokuwepo khalifa al-Wathiq alipokuwa mahututi mwaka 847, na inakadiriwa kwamba yeye mwenyewe alifariki karibu na mwaka 850. Allah amrehemu.

Kitabu ambacho jina lake karibu ni Kiswahili

Kitabu chake cha karibu mwaka 820 kinaitwa Al-Kitab al-Mukhtasar fi Hisab al-Jabr wal-Muqabala. Lisome tena polepole. Kitabu tunalo neno lake. Mukhtasar ni muhtasari. Hisab ni hesabu. Muqabala ni mkabala, vitu viwili vinavyotazamana. Linalobaki ni jabr tu, na maana yake ni kurudisha kilichovunjika mahali pake, kama afanyavyo fundi wa kuunga mifupa. Katika hesabu, jabr ni kuondoa kilichopungua upande mmoja kwa kukiongeza pande zote mbili. Mkabala ni kuweka pande mbili zikitazamana na kufuta kilicho sawa katika kila upande.

Jambo hasa lisilojulikana hakuliita kwa herufi. Aliliita kitu, au mzizi. Mzizi ukizidishwa kwa wenyewe aliuita mal, neno letu la mali. Kitabu kizima kimeandikwa kwa maneno, bila alama hata moja za aina tunazozitumia darasani, na hata namba ameziandika kwa maneno.

Katika utangulizi anaeleza kwamba alitaka kuandika muhtasari wa yale ambayo watu wanayahitaji katika mirathi, wasia, ugawaji, kesi na biashara, na katika kupima ardhi na kuchimba mifereji. Alikuwa anamfikiria kadhi aliyezungukwa na warithi na mfanyabiashara mwenye deni. Kuwashangaza wanazuoni wenzake hakukuwa shabaha yake.

Hali sita

Njia yake ndiyo kiini cha makala hii. Kwanza, alitaja hali zote zinazowezekana. Alisema kwamba katika hesabu za aina hii kuna namba, mizizi na miraba, na kwamba vitatu hivi vinaweza kulingana kwa njia sita tu: miraba sawa na mizizi, miraba sawa na namba, mizizi sawa na namba, miraba na mizizi sawa na namba, miraba na namba sawa na mizizi, na mizizi na namba sawa na miraba. Leo, kwa kuwa tunatumia namba hasi, hali hizo hukusanywa katika mlinganyo mmoja. Yeye hakuzitumia namba hasi, kwa hiyo aliziorodhesha zote sita bila kuacha hata moja.

Pili, kila hali aliipa kanuni yake. Mfano wake maarufu ni mraba na mizizi 10 ambavyo pamoja ni 39. Gawa mizizi nusu, upate 5. Zidisha 5 kwa 5, upate 25. Ongeza 39, upate 64. Kipeuo chake ni 8. Toa 5, kinabaki 3. Mzizi ni 3 na mraba ni 9. Yeyote atakayefuata hatua hizo, awe Baghdad au Bujumbura, asubuhi au usiku, atapata 3.

Tatu, alithibitisha. Alichora mraba, akaupa vipande vya mstatili ubavuni, akaonyesha pembe zinazokosekana na jinsi zinavyojazwa mpaka mraba mkubwa ukamilike. Msomaji hakuombwa aamini kwa sababu ya cheo cha mwandishi. Aliletewa picha ili ajionee mwenyewe.

Nne, alisema wazi ni lini hakuna jibu. Katika hali ya tano, mfano wake ni mraba na 21 ambavyo ni sawa na mizizi 10. Nusu ya 10 ni 5, mraba wake ni 25, ukitoa 21 kinabaki 4, na kipeuo chake ni 2. Sasa unaweza kutoa 2 kutoka 5 upate 3, au kuongeza upate 7, na majibu yote mawili ni sahihi. Kisha anatahadharisha: ile namba ikizidi mraba wa nusu ya mizizi, hesabu haiwezekani, na zikiwa sawa, mzizi ni ile nusu yenyewe. Mwanafunzi hakuachwa aende kwenye shimo akiwa amefumba macho.

Kutaja hali zote, kuipa kila moja kanuni, kuthibitisha, na kukiri pasipo na jibu: hayo manne ndiyo ninayojifunza leo, miaka 1200 baadaye, katika uandishi wa programu kwa funksheni.

Funksheni na daftari lisilofutwa

Niseme wazi kwamba Al-Khwarizmi hakuandika programu ya kompyuta, na ulinganisho huu ni wangu. Msingi wa uandishi wa programu kwa funksheni uliwekwa na Alonzo Church huko Marekani katika miaka ya 1930. John McCarthy aliitengeneza lugha ya Lisp mwaka 1958, na Haskell ilitoka mwaka 1990. Lakini tabia ya kazi ni ileile.

Funksheni ni kanuni inayopokea kitu na kutoa kitu. Fikiria mashine ya kusaga: unaingiza mahindi, unatoka unga. Mashine haiendi nyumbani kwako kubadilisha kilichomo ghalani. Programu nyingi za kawaida hazina adabu hiyo. Ndani yake kuna visanduku vyenye thamani zinazobadilika, na sehemu yoyote ya programu inaweza kufungua kisanduku na kuandika kitu kingine. Ni kama duka lenye daftari moja la madeni linaloandikwa kwa penseli, ambalo kila mfanyakazi ana ufutio wake. Deni likipotea, utamuuliza nani? Katika uandishi wa kifunksheni, thamani ikishaandikwa haibadiliki. Ukitaka mabadiliko, unaandika mstari mpya na ule wa zamani unabaki. Mdukuzi hapendi daftari kama hilo, kwa sababu nafasi za kugusa kitu kimyakimya zinapungua sana.

Haskell inaongeza jambo lingine. Funksheni inayotaka kugusa ulimwengu wa nje, kama kuandika faili au kutuma kitu kwenye intaneti, lazima itangaze hivyo katika aina yake. Isiyotangaza hairuhusiwi. Upo mlango wa nyuma ambao mwandishi anaweza kuupitia kwa makusudi, na Safe Haskell iliwekwa ili kuufunga pale unapotumia kodi za watu usiowajua. Faida yake ni kwamba mkaguzi anajua pa kutazama. Katika mistari elfu kumi, labda mia chache tu ndiyo yenye ruhusa ya kutoka nje, na hizo ndizo anazozipekua kwanza.

Kisha kuna kompaila, inayohesabu hali kama Al-Khwarizmi alivyozihesabu. Ukisema malipo yanaweza kuwa yamekubaliwa, yamekataliwa au yanasubiri, halafu ukaandika kanuni kwa hali mbili tu, kompaila inaweza kukuonya, au hata kukataa kuendelea ikiwa umeiagiza hivyo, kwamba hali ya tatu haina kanuni. Vilevile funksheni ambayo huenda isiwe na jibu hurudisha aina yenye nafasi mbili, jibu lipo au jibu halipo, na anayeitumia analazimika kushughulikia zote mbili. Ile tahadhari ya hali ya tano imeingizwa ndani ya lugha yenyewe.

Hasara ya kusahau hali moja tuliiona Aprili 2014, ilipotangazwa kasoro iliyopewa jina la Heartbleed katika OpenSSL, programu iliyokuwa ikilinda sehemu kubwa ya tovuti za dunia. Kompyuta moja ilikuwa inaituma nyingine neno fupi na kutaja urefu wa neno hilo, kisha inaomba irudishiwe. Hali iliyosahauliwa ni hii: itakuwaje urefu uliotajwa ukizidi neno lenyewe? Seva iliamini namba iliyoambiwa, ikarudisha hadi kilobaiti 64 za kumbukumbu yake, na humo mlikuwa na nywila na funguo za siri. OpenSSL imeandikwa kwa lugha ya C, ambayo inamwachia mwandishi ajikumbushe mwenyewe.

Upande wa pili upo mfano wa seL4. Mwaka 2009 watafiti wa taasisi ya NICTA nchini Australia walikamilisha uthibitisho wa kihisabati wa kiini hicho cha mfumo endeshi, chenye mistari takriban 8,700 ya C. Kielelezo chake walikiandika kwanza kwa Haskell, na uthibitisho ukafika mistari takriban 200,000. Ni kazi nzito, lakini ndiyo ile michoro ya Al-Khwarizmi katika sura ya zama zetu.

Mambo haya hayako mbali nasi. Seva za WhatsApp, ambayo karibu kila mwanafunzi anayo mfukoni, zilijengwa kwa Erlang, lugha ya kifunksheni iliyoanza katika kampuni ya Ericsson mwaka 1986. Na mwaka 2019 darasa la wanawake kutoka Ethiopia na Uganda lilisoma Haskell mjini Addis Ababa. Wao wameweza, nasi tunaweza.

Mirathi, sehemu inayosahauliwa

Narudi kwa Al-Khwarizmi. Wengi wanaosifu kitabu chake huishia kwenye ile milinganyo sita. Lakini karibu nusu ya kitabu ni masuala ya wasia na mirathi: mtu amekufa akaacha watoto na deni, au ameusia sehemu ya mali kwa mtu baki, au mmoja wa warithi ndiye anayedaiwa na marehemu. Mafungu ya nusu, robo, thumni, thuluthi mbili, thuluthi na sudusi yametajwa katika Suratun Nisaa. Kuyajua mafungu ni jambo moja, na kuyakusanya katika familia halisi yenye deni na wasia ni jambo lingine. Aljebra yake ilikuwa chombo cha kumfikishia kila mwenye haki haki yake.

Hapa Bwiza, familia nyingi za Kiislamu hupeleka hesabu ya mirathi kwanza kwa shekhe, naye huifanya kwa kalamu na karatasi. Warithi wenyewe wametawanyika: mmoja yuko Rumonge, mwingine Uvira, mwingine yuko Kigoma. Siku hizi vijana wanauliza kama simu haiwezi kuifanya hesabu hiyo. Mimi na wanafunzi wenzangu kadhaa tumeanza kuandika programu ndogo ya mirathi kwa Haskell, na ustadhi mmoja wa fiqhi anatukagulia kanuni. Kazi hii imenionyesha kwa nini usalama wa programu ni suala la dini pia.

Chukua mfano huu. Mwanamke amefariki. Hana mtoto wala baba. Ameacha mume na dada wawili wa baba mmoja na mama mmoja. Mali yake ni faranga 700,000. Fungu la mume ni nusu, na la dada wawili ni thuluthi mbili. Jumlisha: sudusi tatu na sudusi nne ni sudusi saba. Mafungu yamezidi mali. Wanazuoni walio wengi, tangu zama za Umar bin al-Khattab (R.A.), wanalitatua kwa aul: asili ya 6 inapandishwa hadi 7, kila mmoja akapungukiwa kwa uwiano wake. Mume anapata 300,000 na dada wawili 400,000, yaani 200,000 kila mmoja.

Sasa tazama programu iliyoandikwa kwa haraka, yenye kisanduku kimoja cha mali kinachopunguzwa kila mrithi anapopewa. Ikianza na mume, itampa nusu ya mali, 350,000. Dada zake marehemu watakuta zimebaki 350,000. Kila dada amepoteza 25,000, na mashine haikulalamika. Ikianza na dada, mume ndiye atakayepunjwa. Jibu linategemea nani alitajwa kwanza, na anayeshika simu ndiye anayechagua nani atajwe kwanza. Huo ni mlango wa dhulma, na hahitajiki mdukuzi kutoka ng'ambo ili kuupita.

Kwa njia ya kifunksheni, funksheni inapokea orodha nzima ya warithi kwa pamoja na inatoa orodha nzima ya mafungu. Mpangilio wa majina haubadilishi kitu. Aul imetajwa kama hali yenye kanuni yake, na kompaila inatukumbusha tukiiacha. Mafungu tunayaandika kwa sehemu kamili kama alivyofanya Al-Khwarizmi, kwa sababu thuluthi ikigeuzwa kuwa desimali hukatwa mahali fulani, na kile kilichokatwa ni haki ya mtu. Idadi ya warithi ni aina isiyokubali namba hasi, kwa hiyo anayeandika kwamba marehemu ana dada hasi wawili anazuiwa mlangoni.

Uthibitisho nao tunaufanya kwa kiasi chetu. Koen Claessen na John Hughes walitoa mwaka 2000 chombo cha Haskell kiitwacho QuickCheck. Unakiandikia sharti ambalo lazima liwe kweli daima, nacho kinatunga mifano ya kubahatisha, kwa kawaida 100, kikitafuta unaovunja sharti hilo. Sharti letu la kwanza ni kwamba jumla ya mafungu isizidi mali, na la pili ni kwamba kubadilisha mpangilio wa warithi kusibadilishe fungu la yeyote. Familia za kubuni zinapita mbele ya programu hata siku ambayo hakuna msiba wowote mjini.

Jambo la mwisho ni siri za watu. Programu inayohifadhi majina ya mayatima na kiasi cha mali yao ni hazina kwa mwizi. Funksheni ya kugawa mirathi haihitaji jina la mtu yeyote. Inahitaji kujua tu kwamba kuna mume na dada wawili. Kwa hiyo majina hayaingii humo kabisa, na kwa kuwa funksheni hiyo haina ruhusa ya kugusa intaneti, hakuna inachoweza kuvujisha. Data usiyoikusanya haiwezi kuibwa kwako.

Yaliyo nje ya uwezo wa lugha

Nisikupambie, ndugu msomaji. Hakuna lugha ya kompyuta inayoleta uadilifu. Ukiandika kanuni ya fiqhi isiyo sahihi kwa Haskell, utapata kosa linalojirudia kwa usahihi kila siku. Ukimpa rafiki nywila yako, aina zote za Haskell hazitakusaidia. Hata uthibitisho wa seL4 unasimama juu ya dhana fulani, ikiwemo kwamba mashine yenyewe inafanya kazi inavyotakiwa. Ndiyo maana tunamhitaji ustadhi, na ndiyo maana kodi inatakiwa isomwe na macho zaidi ya mawili.

Hili nalo lipo katika historia ya Al-Khwarizmi. Majedwali yake ya falaki yalipofika Andalusia, Maslama al-Majriti, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 11, aliyapitia upya na kuyalinganisha na mji wa Cordoba. Marekebisho hayo ndiyo Adelard wa Bath aliyoyafasiri kwa Kilatini mwaka 1126. Kitabu cha aljebra kilifasiriwa na Robert wa Chester mwaka 1145 huko Segovia. Kazi yake iliweza kukaguliwa na kurekebishwa na watu wasiomjua kwa sababu aliiandika wazi, hatua baada ya hatua, bila kuficha namna alivyofika kwenye jibu. Programu ya mirathi ambayo hakuna anayeruhusiwa kusoma kanuni zake isingefaa kuaminiwa, hata kama iliyoiandika ni jumuiya ya Waislamu.

Kwa wenzangu wa kompyuta nina ombi la kazi. Muhula huu, chukueni programu moja ndogo mliyokwisha kuiandika, iwe ya ada, ya mahudhurio au ya michango ya jumuiya. Orodhesheni kwenye karatasi hali zote zinazoweza kutokea, pamoja na zile zisizo na jibu, kisha tazameni ni ngapi kati yake zina kanuni ndani ya kodi. Na kwa wenzangu wa sharia na fiqhi, tuleteeni masuala magumu ya mirathi mnayoyajua, yale ya aul, ya radd na ya wasia uliozidi thuluthi. Tutayaweka kwenye majaribio, na majibu yake tutayaweka wazi ili yeyote ayakague.

Tunamuomba Allah (S.W.) amrehemu Muhammad bin Musa, atujaalie elimu yenye manufaa, na atuepushe na kula haki ya yatima kwa makusudi au kwa uzembe. Amin.

Wabillahi tawfiq.